Kadi Sitini na Nne

Lela Abdurahim alikataa chai, akakataa kiti, kisha akakataa na swali la kwanza.

"Nimeuliza kitu rahisi, Bi Lela. Yule mwanamume aliyekuja kwako Jumamosi ni nani?"

"Kwangu huja watu wengi. Nawapigia taipu barua mtaa mzima wa Umoja."

"Huyu hakuja na barua. Jirani yako anasema alikaa nusu saa, akatoka anafuta macho."

"Basi muulize huyo jirani alikuwa analilia nini. Si anaona yote?"

Inspekta Patrobas Luvai akaweka kalamu chini. Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, na goti lake la kulia lilikuwa limeshaanza maneno. Miaka ishirini na nane ya upolisi ilikuwa imemchosha miguu, na mwaka huu wa themanini na tano ilikuwa imeanza kumchosha masikio. Kila alipojisikia akiuliza mtu "ulikuwa wapi" alitamani aje mwingine amalizie sentensi.

Na kesi yenyewe, ukiitazama juujuu, hata mtoto wa darasa la tatu angeimaliza. Ijumaa jioni kifurushi cha kadi za kazi, kadi sitini na nne, kilikuwa ndani ya kabati la chuma katika ofisi ya Jaji Idarusi Jumbe, jaji wa kesi za waajiri na wafanyakazi. Jumatatu asubuhi hakikuwepo. Kabati halikuvunjwa. Funguo zake ni mbili tu, mmoja wa jaji na mmoja wa Lela, karani wake. Wakubwa wakasema jaji hawezi kujiibia, kwa hiyo ni karani. Jumatatu akasimamishwa kazi kwa barua ya mistari minne, usiku huohuo akalala seli, na kesho Alhamisi angesimamishwa kizimbani kwa wizi wa kielelezo cha mahakama. Miaka kumi na moja alikuwa amempigia jaji huyo taipu.

"Kesho hakuna atakayekubembeleza kama mimi," Patrobas alisema.

"Sikuchukua, afande. Nimeshasema. Zaidi ya hapo sina neno. Naomba nirudi seli."

Hilo Patrobas hakulipenda hata kidogo. Wezi aliowajua yeye walikuwa watu wa maneno. Waliapa kwa mama zao, walimtaja shemeji, walilia. Mwizi gani anaomba seli kama mtu anayeomba kwenda kujilaza?

Akamrudisha, akachukua kofia yake, akaenda mahakamani.

Kwenye meza ya msajili alimkuta Batulo, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa akitunza funguo za jengo zima na hakupenda kuharakishwa.

"Mnafanyaje na funguo siku za mapumziko?" Patrobas aliuliza.

"Makarani wote hurudisha hapa Ijumaa. Ni sheria. Majaji hubaki na zao, nani atamnyang'anya jaji ufunguo?"

"Na Lela alirudisha?"

Batulo akalamba kidole, akafungua daftari kubwa, akaligeuza upande wa Patrobas. Jina la Lela, sahihi yake, Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini. Mstari wa chini yake, Jumatatu, saa mbili asubuhi, Lela anachukua ufunguo. Saa mbili na dakika tano ndipo alipokwenda mwenyewe kwa msajili kusema kadi hazipo.

"Katikati ulikuwa wapi ufunguo huu?"

"Ndani ya sefu. Na sefu anaifungua msajili tu."

"Mama, mtu amelala sakafuni siku mbili. Mbona hamkusema?"

"Kwani nani ameniuliza?" Batulo alimkazia macho juu ya miwani. "Askari wenu walikuja wawili, wakapima kabati kwa kamba, wakanywa soda, wakaondoka. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza funguo hulala wapi. Haya, niulize kingine."

Patrobas aliona aibu, akaimeza. Alijua pia mkubwa wake angejibu nini: ufunguo hunakiliwa sokoni Gikomba kwa dakika tano. Daftari peke yake lisingemtoa Lela.

Akaomba aoneshwe kabati. Ofisi ya jaji ilikuwa tupu. Jaji Idarusi alikuwa nyumbani, ati akiandika uamuzi. Ukutani hakuna picha ya mtu, rafu tu zimejaa maamuzi ya miaka ishirini. Bandari, reli, mashamba ya chai, mikate, viatu. Mzee huyu alianza kama karani wa reli, akawa katibu wa chama cha wafanyakazi, akasoma sheria kwa posta huku akilea watoto watano, mpaka akapandishwa kuwa jaji. Mitaani Eastlands watu walilitaja jina lake kama wanavyotaja la mchezaji wa mpira. Majaji wenzake walihamia upande wa pili wa mji, kwenye nyumba za vigae na bustani. Yeye alibaki Umoja. Ijumaa hii angesoma uamuzi wake wa mwisho na kustaafu.

Na uamuzi huo haukuwa mdogo. Mwaka wa sabini na tisa kiwanda kimoja cha mablanketi kiliwafukuza wafanyakazi sitini na nne kwa siku moja, kikidai waligoma na kutoka nje saa mbili unusu asubuhi. Wafanyakazi walisema huo ni uongo, kwamba walitoka saa nne, boila ilipopasuka. Kiwanda kikajibu kwamba boila ilivuja mvuke kidogo tu na hakuna aliyeumia. Kadi ndizo zilizojua ukweli, maana pale getini hakutoka mtu bila kugonga kadi kwenye saa, hata moto ukimfuata. Miaka sita kesi imezunguka. Kadi zisipopatikana kufikia Ijumaa, wakili wa kampuni angeomba kila kitu kianze upya mbele ya jaji mgeni.

Patrobas akapiga magoti mbele ya kabati, goti likapiga kelele, akachungulia. Droo ya chini ilikuwa na uwazi kwa nyuma, mpana wa mkono. Akatia mkono, akatoka na vumbi na kijiti cha kalamu. Akajifuta, akaandika habari za uwazi huo kwenye daftari lake, akaenda Umoja kumtafuta mtu aliyelia Jumamosi.

Kumpata hakukuwa kazi. Jirani ya Lela alikuwa amemweleza vizuri: mrefu, ana shati lililofungwa kwa pini badala ya vifungo, hutengeneza stovu karibu na soko. Alikuwa Phares Asava, mlalamikaji wa kwanza kwenye orodha ya wale sitini na nne. Patrobas alimkuta amekaa kwenye kigoda, stovu ya mafuta katikati ya miguu, anazibua tundu kwa sindano.

"Mulembe," Patrobas alimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mulembe, afande." Phares hakuinua uso. "Umechelewa. Nilikungoja jana."

"Ulimfuata Lela umwambie aibe kadi."

"Nilimwomba anitolee moja. Moja tu. Akakataa."

"Ipi?"

"Yangu."

Patrobas akavuta debe, akaketi. Kunyamaza ndiko kulikobaki katika kazi hii ambako hakukumchosha.

"Wewe ni mtu wa kwetu, utanielewa," Phares alisema mwishowe. "Mama yetu alifariki. Ilibidi niende nyumbani kumzika, na mazishi ya kwetu si ya siku moja. Ukikosa kazini wiki nzima unarudi unakuta geti limekusahau. Sasa unafanya nini? Unamwachia ndugu yako kadi. Akushikie. Kiwanda kizima kilikuwa kinashikiana kadi hivyo, na nyapara anajua, mradi mashine isisimame. Ile saa inagonga kadi, haijui uso."

"Nani alikushikia?"

"Zedekiah. Mdogo wangu. Tulikubaliana yeye abaki, mimi nikamzike mama kwa niaba yake pia. Miaka ishirini na miwili alikuwa nayo, na hata hakuwa anaijua ile boila. Walimweka karibu nayo kwa sababu mimi ndipo nilipokuwa nafanya kazi."

Sindano ilikuwa imesimama ndani ya tundu la stovu.

"Ilipopasuka, nyapara akamtoa kwa geti la nyuma, akampeleka hospitali, akaandikisha kibarua asiyejulikana. Akakaa siku mbili, akafa. Mimi nikarudi kutoka kaburini kwa mama nikamkuta mochari. Nikamzika makaburi ya Lang'ata kwa namba. Ningesema jina, wangeuliza aliingia kwa kadi ya nani. Na ikijulikana kadi moja ilishikwa, wakili wao atasema zote zilishikwa. Watu sitini na tatu wangeanguka kwa ajili yangu. Basi nikaendelea kuwa Phares aliyefukuzwa. Niliwekwa wa kwanza kwenye orodha, afande. Wa kwanza!"

Alicheka, lakini uso wake haukucheka.

"Na kadi yako inaonesha nini?" Patrobas aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Imeingia saa moja. Haikutoka. Miaka sita hakuna aliyezihesabu za kutoka. Wote walitazama saa tu, hakuna aliyetazama idadi. Nilimwambia Lela, Ijumaa mzee akisoma, mtu atahesabu."

"Lela akasemaje?"

"Akaniambia nirudi nyumbani. Ati mzee ameanza kuhesabu watu kabla mimi sijazaliwa."

Patrobas akainuka kwenye debe taratibu. Lela alijua, basi. Hakuwa anamficha Phares peke yake, alikuwa anamficha na mzee.

Nyumba ya Jaji Idarusi ilikuwa ya tatu kutoka kona, imeongezwa vyumba viwili kwa nyuma kama nyumba zote za pale. Mlango ulifunguliwa na mkewe, Bi Kibibi, mikono ina unga mpaka viwikoni.

"Karibu, Bwana Inspekta, karibu. Mzee anaswali, atatoka sasa hivi. Umekuja kwa habari za zile karatasi zilizopotea? Kaa hapo. La, hapo pana springi imetoka, kaa hapa."

Patrobas akakaa. "Mzee hujiletea kazi nyumbani, mama?"

"Eh! Kazi? Huyu hata kitandani huja na kazi. Jumamosi nzima nimekosa meza ya kulia chakula. Amepanga makadi, amepanga makadi, hili huku, hili kule. Nikamwambia, Idarusi, uzee huu umekuwa mcheza karata? Hata hakucheka. Wali ukapoa. Nilikasirika, wallahi."

"Kadi za namna gani?"

"Hizo za njano, zina matundu matundu. Kwani—"

Bi Kibibi akageuka, unga mikononi. Jaji Idarusi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, kofia ya kiua kichwani, mtu mwembamba mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Shikamoo, mzee," Patrobas alisema akisimama.

"Marahaba. Kaa, kaa. Goti lako naliona." Naye akakaa. "Zimo kwenye begi langu, chini ya kitanda. Usimsumbue Kibibi, hajui lolote."

"Nimetoka kwa Phares."

"Basi unajua kwa nini."

"Najua kwa nini yeye. Sijui kwa nini wewe."

Jaji akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. "Nilizihesabu Ijumaa. Walioingia sitini na nne, waliotoka sitini na tatu. Nikahesabu tena. Kwa miaka sita kampuni imeapa mbele yangu hakuna aliyeumia, nami nilikuwa na mtu aliyekufa ndani ya kabati langu. Nikazileta nyumbani nifikiri. Nikizisoma zote, kadi ya uongo inawaangusha wote. Nikiitoa moja, nimeharibu ushahidi kwa mkono wangu. Jumatatu nilikuwa nazirudisha, Inspekta. Nilikuwa nazo begini. Nikafika nikakuta msajili ameshaita polisi na watu wamejaa koridoni. Nikasema, nitazitoaje hapa? Nikanyamaza. Nikajua watamhoji karani na kumwacha."

"Hawakumwacha. Yuko seli tangu Jumatatu."

"Jana nimeambiwa."

"Umeambiwa jana, na leo ni Jumatano," Patrobas alisema. Hakutaka kuwa mkali. Alikuwa amechoka tu, na maneno yalitoka hivyo.

"Kumwacha nani?" Bi Kibibi aliuliza. "Nani yuko seli?"

Jaji aliinamisha uso.

"Lela? Idarusi, Lela? Lela aliyekuja hapa akamwosha mama yako alipofariki, dada zako wamekaa wanalia? Umekunywa chai yangu asubuhi na Lela yuko seli?"

"Nilihitaji siku nne tu, Kibibi. Watu sitini na tatu—"

"Usinihesabie watu!" Bi Kibibi alipangusa mikono kwenye kanga kwa hasira, unga ukaruka. Kisha akaingia jikoni, na wakamsikia akilia bila kujificha.

Patrobas alikitazama kiti kilichotoka springi. Jambo alilokuwa amelibeba tangu kwa Phares lilikuwa zito, akalitua.

"Mzee, lile kabati lako lina uwazi nyuma ya droo ya chini. Nimelitazama. Kifurushi kinaweza kuanguka pale, watu wasikione siku tatu. Nikikipata mimi, kimepatikana. Lela analala kwake leo. Ijumaa unasoma, wale watu wanapata haki yao, nawe unapumzika. Hakuna aliyehesabu kadi miaka sita, na hakuna atakayehesabu sasa."

Nje mtu alipita akiuza mboga, akaita bei, akaenda.

"Kila mtu anapata," jaji alisema.

"Kila mtu."

"Yule kijana je?"

Patrobas aliigeuza kofia yake mikononi.

"Nimeamua kesi zaidi ya mia tisa. Zimo nilizokosea, nazijua. Lakini sijawahi kufunga jalada mlalamikaji hajasikilizwa. Na huyu, ndugu yake amenyamaza, karani wangu amenyamaza, mimi nimenyamaza, na wewe, mtu mwema, umekuja kuniomba na wewe unyamaze. Kampuni haikuhitaji hata wakili." Akasimama. "Ningekubali, Inspekta. Wallahi, kama usingeniambia kwamba ni rahisi hivyo, ningekubali. Ngoja nivae koti."

Kituoni, Patrobas alimwambia kijana wa zamu, konstebo Laban, amtoe Lela na aandae karatasi za taarifa. Jaji aliweka kifurushi cha kadi mezani, kimefungwa kwa kamba ya waridi ya mahakama. Alikaa kwenye benchi la watu wanaongoja, kati ya mama aliyeibiwa kuku na mlevi aliyelala.

Lela alipotokea, viatu mkononi, alisimama ghafla.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Lela. Nimekuja kukutoa. Nakuomba radhi. Nilipaswa kuja Jumatatu."

Lela alizitazama kadi mezani, kisha Patrobas, kisha kadi tena. Uso wake ulibadilika, lakini haukuwa wa mtu aliyefunguliwa.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Yote? Na ya Phares?"

"Yote. Kabla ya jina langu nitaandikisha jina la Zedekiah Asava. Sitasoma Ijumaa. Nitakuwa shahidi wao mbele ya jaji atakayekuja."

"Atakayekuja lini, mzee? Baada ya miaka mingapi? Wengine wameshakufa wanangoja!" Sauti yake ilipanda, mlevi akafungua jicho. "Nilikuwa nimeshakubali. Ilikuwa imebaki siku mbili. Nililala kwenye simiti na mende, nikasema, acha niitwe mwizi, Ijumaa atasoma, watu wale watakula. Kumbe nimelala bure."

"Lela..."

"Bure kabisa." Akavaa viatu, kimoja kikamshinda kisigino, akakikanyaga hivyohivyo, akatoka. Patrobas alitaka kumwambia kitu kuhusu daftari la Batulo, kwamba jina lake ni safi, kwamba barua ile ya mistari minne itafutwa. Aliona halitoshi, akaacha.

Konstebo Laban alikuwa ameshavuta karatasi, mgeni katika kazi, mwenye mwandiko mzuri, na hakuwa amemtambua mzee huyu. Akaandika alivyoambiwa, jina la marehemu kwanza, mstari wake peke yake. Kisha akaanza la pili.

"Jina lako, mzee?"

"Idarusi Jumbe."

"Makao?"

"Umoja."

"Kazi?"

Jaji alitazama mlango aliopitia Lela akiondoka. Mama wa kuku alikohoa. Patrobas alijikuta anaitazama kalamu ya kijana yule, ikingoja hewani.

"Mzee, nimeuliza kazi."

"Sina," akasema Jaji Idarusi.